Sensa za joto la moshi kwenye injini za ndege za kujijengea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndege ikishapakwa rangi na kuruka saa zake za kwanza, simu ninazopigiwa hufanana. Silinda ya tatu inasoma juu kuliko wenzake. Geji imekufa. Namba zinaruka kama panzi. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila msimu, pamoja na majibu ninayowapa watu nikiwa nimesimama kando ya boneti iliyofunguliwa. Vipimo vyote ni vya selsiasi. Mwenye geji ya Kimarekani akumbuke kwamba nyuzi 700 kwake zitaandikwa 1,292.

EGT ni nini, na sensa yake inafanyaje kazi?

EGT ni zile herufi zilizoandikwa kwenye geji, maana yake joto la moshi unapotoka kwenye silinda. CHT, jirani yake, ni joto la kichwa cha silinda chenyewe. Watu huzichanganya, kisha wakaogopa kisichostahili kuogopwa.

Sensa yenyewe ni nyaya mbili za aloi tofauti zilizounganishwa nchani, ndani ya ala ya chuma kisichoshika kutu. Ncha ikipata moto na upande wa pili ukabaki baridi, umeme mdogo sana hujitokeza wenyewe, bila betri. Mjerumani Thomas Johann Seebeck aligundua tabia hiyo ya metali mwaka 1821. Kifaa huitwa themokapo, na kwa moshi wa injini karibu kila mtu hutumia aina K, ambayo nyaya zake zote mbili ni aloi za nikeli.

Umeme wenyewe ni mdogo mno. Ncha ikiwa kwenye nyuzi 700 na upande wa pili kwenye sifuri, unapata milivolti 29 tu. Betri moja ya tochi ina nguvu hiyo mara hamsini. Ukilielewa hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini hayatakushangaza. Terminali iliyolegea, waya wa shaba uliochomekwa katikati au ethi mbaya (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kila kimoja kinaweza kuzaa namba ya uongo inayoonekana ya kweli kabisa.

Jambo la pili: themokapo haipimi joto, inapima tofauti ya joto kati ya ncha ya moto na mahali nyaya zake zinapoishia. Kwa hiyo geji hupima pia joto lake yenyewe na kulijumlisha. Geji iliyopikwa na jua juu ya dashibodi inaweza kukosea nyuzi chache kabla hata hujawasha injini.

Inatakiwa isome ngapi?

Inategemea injini, na hapa watu wengi huniona kama ninakwepa swali. Rotax 912 ina kikomo cha nyuzi 880. Rotax 582 ya viharusi viwili (two-stroke) kikomo chake ni 650. Lycoming za kawaida zisizo na turbo hazina kikomo cha joto la moshi ambacho rubani anatakiwa kukilinda. Kikomo chao ni cha CHT, na kwa nyingi ni nyuzi 260.

Namba yenyewe haina uzito ambao watu huipa. Injini ya viharusi vinne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila silinda hutema moshi mara 20 kwa sekunde. Sensa hupigwa na wimbi la moto, likapita, likaja jingine. Inachokuonyesha ni wastani wa hayo yote. Ukiisogeza sentimita mbili tu, wastani unabadilika. Ndiyo maana silinda mbili zenye afya nzuri kabisa zinaweza kutofautiana nyuzi 30 au 50 maisha yao yote. Mimi hutazama silinda kama ninavyotazama watoto wa nyumba moja: najua kila mmoja anavyokuwa siku za kawaida, na ninashtuka anapobadilika.

Silinda moja inasoma tofauti na nyingine. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza kama imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza au imeanza juzi. Kama ni tangu siku ya kwanza, pima umbali wa kila tundu la sensa kutoka kwenye flanji ya silinda, pale bomba la moshi linapofungwa. Mara nyingi utakuta moja ipo sentimita tano na nyingine tisa, na kesi imeisha.

Kama imeanza juzi, kuna hatua mbili kabla ya kugusa kabureta, nozeli au plagi.

Ya kwanza haigharimu hata senti. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, washa umeme wa ndege bila kuwasha injini. Sensa zote za moshi na zote za vichwa vya silinda lazima zisome joto la hewa ya asubuhi hiyo, zikiwa zimepishana nyuzi mbili tatu tu. Moja ikisoma 60 wakati wenzake wanasoma 22, tatizo ni la waya au la geji. Injini haina hatia.

Ya pili ni kubadilishana. Zima magneto zote (vifaa viwili vinavyotoa cheche, kila kimoja kwa plagi moja kati ya mbili za kila silinda) na uhakikishe zimezimika kweli, kwa sababu propela ya injini yenye magneto inayoishi inaweza kukuua ukiigusa tu. Kisha, kwenye maungio yaliyo karibu na injini, chomoa waya wa silinda inayolalamika na wa jirani yake, uvibadilishe: sensa ya tatu iende kwenye waya wa nne, ya nne kwenye waya wa tatu. Sensa zenyewe ziache kwenye matundu yake. Washa injini uone. Lalamiko likihamia namba nne kwenye geji, chanzo kiko upande wa injini: ama sensa, ama silinda. Likibaki namba tatu, chanzo ni waya wa kwenda dashibodi au geji yenyewe. Likihamia, rudisha nyaya, kisha badilisha sensa zenyewe kati ya matundu mawili. Likifuata sensa, nunua sensa mpya. Likibaki na silinda, sasa ndipo ufungue kisanduku cha spana.

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu nimewahi kuupuuza. Rafiki yangu alikuwa na ndege ya viti viwili yenye Lycoming O-320, na silinda ya pili ilianza kupanda nyuzi 60 kila tunapofika mwendo wa safari. Tulisafisha kabureta, tukabadilisha plagi, tukakaza paipu za kuingizia hewa, tukapoteza Jumamosi mbili na gasketi kadhaa. Kisa kilikuwa terminali iliyobanwa na koleo la kawaida badala ya koleo lake. Ikipata mtetemo ilishika na kuachia. Kubadilishana nyaya kungetuonyesha kwa dakika ishirini. Siku hizi nikifungua boneti ya mtu, kalamu ya kuwekea alama nyaya hutangulia kutoka mfukoni.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha sensa na plagi siku moja, ndege ikapona, hutajua umeponya nini.

Nitajuaje kama ni injini kweli na si sensa?

Sensa mbovu hudanganya bila mpangilio. Injini mbovu hudanganya kwa mpangilio, na huwa na mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni CHT ya silinda hiyohiyo. Joto la moshi likipanda ghafla nyuzi 200 au likashuka hadi sifuri kwa kufumba na kufumbua, huku CHT ikiwa imetulia na injini haijatetemeka, hiyo ni sensa. Moshi halisi hauwezi kupoa hivyo bila silinda kufa, na silinda ikifa utaisikia kwenye kiti.

Plagi moja kati ya mbili ikifa, joto la moshi la silinda hiyo hupanda, kwa kawaida kati ya nyuzi 25 na 55, na CHT hushuka kidogo. Watu hushangaa: plagi imekufa, joto limepandaje? Ni kwamba mafuta yanawashwa upande mmoja tu, yanachelewa kumaliza kuungua, na moto unatoka nje ukiwa bado na nguvu. Thibitisha kwa kujaribu magneto moja moja. Ukibaki na magneto moja, silinda zote zinatakiwa kupanda kidogo. Ile itakayoporomoka badala ya kupanda ndiyo yenye plagi iliyokufa kwenye magneto hiyo. Kama una geji ya silinda zote, kipimo hiki kitakwambia plagi gani kabla hujafungua hata nati moja. Binafsi naona hiyo peke yake inalipa gharama ya geji.

Hewa inayovuja kwenye paipu ya kuingizia, baina ya kabureta na silinda, huonekana zaidi injini ikiwa inaunguruma chinichini au kwa nguvu ndogo, kwa sababu hapo mvuto wa hewa ndani ya paipu ni mkubwa na tundu dogo linaingiza hewa nyingi. Ukiongeza nguvu mpaka mwisho, tofauti hupungua au hutoweka. Nozeli iliyoziba kidogo hufanya kinyume: hujionyesha zaidi mafuta yanapotakiwa kwa wingi.

Kwenye Rotax 912, kila kabureta hulisha silinda mbili za upande wake. Silinda mbili za upande mmoja zikipanda pamoja, angalia kabureta hiyo, kebo yake na mpira unaoishikilia. Sensa mbili kuharibika siku moja, upande mmoja, kwa kiwango kilekile, ni bahati mbaya ambayo mimi sijaiona.

Dalili ninayoiheshimu kuliko zote ni ya valvu ya kutolea moshi inayoanza kuungua. Joto la silinda hiyo hupanda na kushuka taratibu, nyuzi 15 hadi 30 hivi, kama mara moja kwa dakika, saa nzima, huku wenzake wametulia. Valvu huzunguka polepole inapofanya kazi, na sehemu yake iliyoharibika inapopita mahali fulani, moto huvuja. Ukiona wimbi la namna hiyo kwenye kumbukumbu za geji, usiridhike na kubadilisha sensa. Pima mgandamizo wa silinda na uingize kamera ndogo ya kuchungulia kupitia tundu la plagi.

Namba zote zinaruka nikiwasha taa au nikibonyeza redio. Je, sensa zote zimeharibika?

Hapana. Angalia ethi.

Sensa nyingi za ndege zina ncha iliyogusana na ala yake ya chuma, na ala imegusana na bomba la moshi, kwa hiyo kila sensa imeunganishwa na mwili wa injini hata kama hukukusudia. Geji nayo ina ethi yake kwenye dashibodi. Kama waya mnene wa ethi kati ya injini na betri una kutu au umelegea, umeme wa alteneta na wa taa hutafuta njia nyingine ya kurudi, na kati ya mwili wa injini na dashibodi hujitokeza tofauti ya milivolti kadhaa. Kumbuka hesabu ya mwanzo: milivolti moja ni sawa na nyuzi 25. Taa za kumweka zikiwaka, namba zote zinacheza ngoma ileile.

Pima hivi: injini ikizunguka na taa zote zikiwaka, weka multimita kwenye volti ndogo, mguu mmoja kwenye mwili wa injini, mwingine kwenye ethi ya geji. Unatakiwa kuona karibu sifuri. Ukiona milivolti makumi, safisha maungio ya ethi mpaka chuma kiwe kitupu na king'ae, kisha peleka ethi ya geji moja kwa moja mahali pamoja na ethi nyingine, usiiache ining'inie kwenye skrubu yoyote ya dashibodi. Fanya kazi hiyo na msaidizi, wewe ukiwa nyuma ya propela na mikono yako mbali nayo.

Zikiruka pale tu unapobonyeza redio kuongea, antena au kebo yake ipo karibu mno na nyaya za sensa. Zitenganishe.

Injini ikipata moto, namba inashuka. Hii ni nini tena?

Umegeuza nyaya: chanya kipo kwenye hasi.

Rangi ndizo zinazowaangusha watu. Kwa mpangilio wa Kimarekani, aina K ni njano kwa chanya na nyekundu kwa hasi. Ndiyo, nyekundu ni hasi, na kila aliyezoea umeme wa gari hukosea hapo. Kwa mpangilio wa kimataifa, kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Nyaya za zamani za Uingereza zilikuwa kahawia na buluu, na za zamani za Ujerumani nyekundu ilikuwa chanya. Ukiwa na sensa ya nchi moja na waya wa nchi nyingine, usiamini rangi. Chukua sumaku ndogo: katika aina K, waya unaovutwa na sumaku ndio hasi.

Kuna kosa baya zaidi, kwa sababu halijionyeshi. Ukigeuza waya wa kuongezea pande zote mbili, kwenye sensa na kwenye geji, makosa mawili yanafichana na namba inapanda kama kawaida, lakini inakosea mara mbili ya tofauti ya joto kati ya maungio na geji. Kama maungio yapo ndani ya boneti kwenye nyuzi 70 na geji ipo kwenye 25, utasoma nyuzi 90 pungufu. Moshi wa 700 utaonekana 610, nawe utapunguza mafuta ukidhani una nafasi.

Naweza kuongezea kwa waya wa kawaida wa shaba?

Usifanye. Waya wa kuongezea lazima uwe wa aina ileile ya sensa mpaka kwenye geji. Ukiunga shaba ndani ya boneti, geji itadhani nyaya za themokapo zinaishia kwenye dashibodi wakati zimeishia kwenye joto la injini, na itasoma pungufu kwa tofauti hiyo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linabadilika na hali ya hewa: asubuhi kidogo, mchana wa jua kali kubwa.

Ila si kila pini ya shaba ni dhambi. Kiunganishi cha kupitisha nyaya kwenye ukuta wa injini, ule unaoitenganisha na rubani, chenye pini za kawaida hakiharibu kitu, mradi pini zote mbili za sensa moja zipo bega kwa bega kwenye joto lilelile. Kinachoingia upande mmoja hufutwa upande wa pili.

Waya ulikuwa mrefu, nikaukata. Nimeharibu?

Kama geji yako ni ya kidijitali, hapana. Kama ni ile ya zamani yenye mshale, isiyounganishwa na betri, inawezekana umeharibu. Geji hizo huendeshwa na umeme wa sensa yenyewe, na urefu wa waya umehesabiwa kiwandani. Ziada inakunjwa na kufungwa, haikatwi.

Nimefunga sensa mpya na CHT imepanda hadi 260 ghafla. Injini inayeyuka?

Kabla ya kuita zimamoto, soma maandishi kwenye mfuko wa sensa. Vichwa vya silinda mara nyingi hutumia aina J, ambayo ni chuma na aloi ya shaba na nikeli. Aina J hutoa umeme mwingi zaidi kuliko K. Kichwa cha silinda kilicho kwenye nyuzi 200, kikipimwa kwa sensa ya J kwenye geji iliyopangwa kwa K, kitasoma karibu 260, yaani kikomo kabisa cha Lycoming. Rubani anatua akiwa amelowa jasho, injini ikiwa haina shida yoyote.

Kinyume chake ndicho kinachonitia hofu. Sensa ya K kwenye geji iliyopangwa kwa J itasoma karibu 157 wakati ukweli ni 200. Hapo hakuna kengele itakayolia, na utaendelea kupanda kwa raha zako. Geji nyingi za kidijitali zina ukurasa wa kuchagua aina ya sensa kwa kila njia. Ufungue kila unapobadilisha chochote.

Joto la moshi linasoma 180, halipandi zaidi ya hapo hata nikiruka kwa nguvu zote.

Fuatisha waya kwa vidole kutoka kwenye sensa hadi ukuta wa injini. Uwezekano mkubwa utakuta mahali ulipogusa bomba la moshi, ala imeyeyuka na nyaya mbili zimegusana. Zikigusana hapo, zimetengeneza themokapo mpya mahali hapo, na geji inakuonyesha kwa uaminifu kabisa joto la kona hiyo ya boneti. Badilisha kipande hicho na ukifunge mbali na bomba.

Namba imepotea, kuna vistari tu.

Waya umekatika mahali fulani. Geji nyingi huonyesha vistari au sehemu tupu. Nyingine hurusha namba hadi juu kabisa, nyingine hushusha hadi chini, kwa hiyo soma kitabu cha geji yako ujue yako inafanya lipi. Chomoa sensa na upime ukinzani: sensa nzima huonyesha ohmu chache tu, iliyokatika huonyesha ukinzani usio na mwisho. Pima injini ikiwa baridi, kwa sababu ikiwa na moto umeme wa sensa yenyewe utavuruga multimita. Na utikise waya unapopima. Wenye ufa ndani husoma vizuri ukiwa umetulia na kukatika ukitetemeka.

Naweza kuijaribu sensa mezani bila kuifunga kwenye injini?

Ndiyo, na ni raha. Chomoa sensa, weka multimita kwenye milivolti, miguu kwenye nyaya zake mbili. Chumba kikiwa na nyuzi 25, itaonyesha sifuri. Izamishe ncha kwenye maji yanayochemka na uone takribani milivolti 3.1.

Hiyo 3.1 ni ya Mombasa, Dar es Salaam au Tanga, usawa wa bahari. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na multimita itakuonyesha karibu 2.85. Nimeona mtu akitupa sensa nzima kwa kutofikiria hilo.

Kisha ijaribu kwa tochi ya gesi. Ikifika nyuzi 700, ncha imeanza kuwa nyekundu kizani, na utaona milivolti 28 hivi. Usitafute usahihi hapa, unatafuta tabia. Ipande bila kusita, ishuke bila kurukaruka. Ijaribu pamoja na sensa ya pili unayoiamini kwenye moto uleule uone kama zinakwenda sambamba.

Nitoboe bomba wapi?

Kwa injini za Lycoming na jamaa zake, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye flanji ya silinda ni mahali pa kawaida. Kwa Rotax za viharusi viwili kipimo huhesabiwa kutoka kwenye pistoni, milimita 100. Muhimu zaidi kuliko namba ni usawa: silinda zote umbali uleule, na ncha ya kila sensa ifike katikati ya bomba. Ncha iliyogusa ukuta wa bomba husoma pungufu, na iliyozama nusu husoma pungufu pia.

Epuka kona kali za bomba na maungio ya mabomba yanayotelezeana. Kabla ya kutoboa, funga boneti kwa mawazo yako: je, waya utapita wapi? Kichwa cha klipu inayoshika sensa kitagonga nini injini ikitikisika? Wajenzi wengi hutoboa injini ikiwa wazi juu ya stendi, kisha siku ya kufunga boneti wanagundua kwamba sensa inatazama ukuta wa fiba.

Kuna masizi meupe yamezunguka sensa.

Moshi unavuja. Kaza klipu ya chuma. Kama tundu limepanuka, tengeneza upya. Usilipuuze, kwa sababu moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na unapopita karibu na hosi ya mafuta una moto wa kutosha kuiunguza. Sensa ikikatika ikaacha tundu, zibe kwa kipande cha chuma kisichoshika kutu chini ya klipu ya chuma. Alumini itayeyuka. Injini yenye turbo haitakiwi kuwashwa mpaka ujue kipande kilichokatika kimekwenda wapi.

Sensa ya joto la moshi ya gari la dizeli inafaa?

Nyingi hazifai. Magari mengi ya kisasa ya dizeli hutumia sensa za kubadilisha ukinzani, na geji ya themokapo haiwezi kuzisoma. Themokapo ya aina K ya tanuri la viwandani itasoma sawasawa, lakini ala na waya wake havikutengenezwa kwa mtetemo wa injini. Itafika safari ya tatu, pengine.

Zinadumu muda gani?

Mamia ya saa, kisha ncha inaliwa na moto. Sensa inayozeeka kwa kawaida husoma pungufu kidogo kidogo, kwa sababu moto wenye oksijeni kidogo hula kromiamu ya waya wa chanya. Kwa hiyo silinda inayoshuka polepole kwa miezi, CHT ikiwa haijabadilika, mara nyingi inaomba sensa mpya tu. Weka moja ya akiba kwenye begi la spana.

Niruke huku sensa moja ikiwa mbovu?

Kama umethibitisha kwa kubadilishana kwamba ni sensa, na tundu halivuji, uamuzi ni wako na wa mwongozo wa ndege yako. Kama hujathibitisha, injini ndiyo inayoshukiwa bado. Kwa injini za viharusi viwili zenye oili ndani ya petroli mimi siruki kabisa: joto likipanda kwa uhaba wa mafuta, oili nayo imepungua, na pistoni hung'ang'ania ghafla.

Nani anaruhusiwa kufanya kazi hii?

Marekani, mtu yeyote anaweza kutengeneza ndege ya kujijengea, ila ukaguzi wa kila miezi 12 utiwe saini na mjenzi mwenye cheti chake au fundi mwenye leseni. Uingereza kuna wakaguzi wa chama cha wenye ndege ndogo. Kenya na Tanzania, mamlaka ya usafiri wa anga ndiyo ya kuuliza kabla ya kutoboa bomba.

Mwisho: silinda namba moja ni ipi?

Unacheka, lakini nimeona watu wawili wakibadilisha plagi za silinda isiyo na kosa. Kwenye Lycoming, namba moja ipo mbele kulia, ukitazama kutoka kwenye kiti cha rubani. Kwenye Continental, namba moja ipo nyuma kulia. Zifunge lebo sensa zako siku ya kwanza, pande zote mbili za waya, kwa lebo isiyoyeyuka.